KISU MBELE YA MSHIPA WA SHINGO: JE, KUACHA KUKATA NI KUKATA TAMAA?



Kuna neno ambalo jamaa nyingi hulipokea hospitalini na kurudi nalo nyumbani likiwauma: "Tulifungua, tukaona, tukafunga." Mgonjwa alikuwa na uvimbe wa kansa shingoni. Feza zilichangwa, vijana walitoa damu yao, wamama walikesha. Kisha munganga anatoka na kusema kwamba uvimbe umeuzunguka mshipa mkubwa wa damu, naye hakutaka kuukata. Hapo maneno huanza. Mmoja anasema: "Munganga huyu ni mwoga." Mwingine anasema: "Hakupewa kitu mkononi." Wa tatu anainamisha kichwa na kusema: "Ni sisi tuliopungukiwa na imani."

Tuyapime maneno haya pamoja, bila hasira na bila haraka. Swali letu ni hili: munganga anayesimamisha kisu mbele ya mshipa, au mgonjwa anayekataa kupasuliwa, je, amekata tamaa? Na sisi tunaobaki naye, kazi yetu imekwisha, au ndipo inapoanza?

1. MSHIPA HUO NI KITU GANI?

Weka vidole viwili pembeni mwa koo, chini ya taya, bila kukaza. Utasikia pigo. Huo ndio mshipa ambao wanganga wanauita karotidi. Tuna mmoja kuume na mmoja kushoto. Jina hilo lilitoka katika neno la Kigiriki la kulegea na kupoteza fahamu, maana watu wa kale waliona kwamba mtu akiminywa pale anaweza kuzimia. Karibu na kongoromeo mshipa huo unagawanyika matawi mawili. Tawi la nje linalisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa. Tawi la ndani linapanda moja kwa moja na kuingia katika fuvu, kulisha ubongo na jicho.

Ubongo ni mdogo: uzito wake ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili. Lakini unatumia karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni ambayo mwili wote unatumia. Tena hauna ghala. Damu ikikatika kwa dakika chache, sehemu isiyopata damu inakufa. Mtu anapooza upande mmoja, au anapoteza usemi, au anakufa.

Muumba ameweka msaada mle ndani. Chini ya ubongo mishipa ya kuume na ya kushoto inaungana kama pete, ili upande mmoja uweze kuusaidia mwingine. Munganga Mwingereza Thomas Willis aliieleza pete hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na hata leo inaitwa kwa jina lake. Lakini pete hiyo si sawa kwa watu wote. Kwa wengine imekamilika. Kwa wengine kipande kimoja ni chembamba sana, au hakipo. Huwezi kujua jambo hilo kwa kumtazama mtu usoni.

Sasa kansa inafikaje pale? Mara nyingi inaanza mdomoni, kwenye ulimi, kooni au penye kisanduku cha sauti. Kutoka huko inaingia katika matezi ya shingo, na matezi hayo yamepangwa kando ya mshipa mkubwa kama nyumba kando ya barabara. Tezi ikivimba na kupasua ngozi yake, kansa inashika ukuta wa jirani yake. Jirani yake ni karotidi.

2. NJIA AMBAZO WANGANGA WAMEJARIBU

Anayesema kwamba wanganga ni waoga, asikie kwanza historia hii.

Mwaka 1805, kule London, munganga Astley Cooper alifunga karotidi ya mwanamke mmoja aliyekuwa na mshipa uliovimba kama puto. Haikuwa kansa, lakini mshipa ni huo huo. Mama huyo alikufa. Mwaka 1808 Cooper alijaribu tena kwa mwanaume mmoja, naye akaishi miaka 13. Kazi ni moja, mkono ni mmoja, mwisho ni tofauti. Tangu hapo wanganga walijua kwamba mtu mmoja anavumilia kufungwa mshipa huo na mwingine havumilii.

Mwaka 1906, Mmarekani George Crile aliandika juu ya operesheni 132 za kichwa na shingo, akifundisha namna ya kuondoa matezi yote ya shingo pamoja na nyama inayoyazunguka. Wagonjwa wengi waliokuwa wakiachwa wafe walipata njia.

Leo, kansa ikigusa mshipa, wanganga wana njia kadhaa. Ya kwanza ni kuibandua taratibu kutoka ukutani mwa mshipa, ikiwa imegusa tu. Ya pili ni kukata kipande cha mshipa pamoja na kansa, na kuunga mahali pake kwa mshipa uliotolewa mguuni. Ya tatu ni kuufunga mshipa kabisa, wakitumaini ile pete ya ubongo. Kabla ya kufanya hivyo, mahali penye vyombo, wanafanya kipimo: wanapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, wanajaza kibofu kidogo kinachoziba damu, na mgonjwa yu macho. Wanamwambia: sema jina lako, inua mkono, hesabu. Akianza kukosa maneno, wanafungua upesi. Lakini hata katika wale waliopita kipimo hiki vizuri, wako waliopooza baadaye. Njia ya nne ni kutokata, bali kutumia mionzi na dawa za kansa. Na ya tano ni kutuliza maumivu na kumtunza mtu.

Picha za mashine husaidia kuchagua. Zikionyesha kwamba kansa imezunguka robo tatu ya mshipa au zaidi, wanganga kwa kawaida hawatumaini tena kuibandua bila kuondoa mshipa wenyewe. Na hata pale mshipa ulipoondolewa kwa ustadi mkubwa, kwa wengi ugonjwa ulirudi kabla ya miaka miwili kwisha, maana kansa iliyofika pale mara nyingi imekwisha kutuma mbegu mahali pengine.

3. KUWEZA NA KUPASWA

Hapa ndipo fundo lenyewe lilipo. Mkono unaweza kukata. Je, kila kinachowezekana ni lazima kifanyike?

Sisi Wakristo tunajua mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza anaketi na kuhesabu gharama. Kuhesabu kwake hakukuitwa uoga. Basi munganga anayesimama mbele ya mshipa anafanya hesabu ya namna hiyo. Upande mmoja wa mizani kuna miezi ambayo operesheni inaweza kuongeza. Upande wa pili kuna hatari ya mtu kufa mezani, au kuamka bila usemi, asiweze kuwaambia watoto wake neno la mwisho. Mizani ikilala vibaya, kuweka kisu chini ni tendo la akili, tena ni tendo la huruma. Kukata ili tu isemwe kwamba "tulifanya yote" ni kumtumia mgonjwa kama ngao ya kujikinga na maneno ya watu.

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila kuacha ni kwema. Kuna kuacha kwa uvivu. Kuna kuacha kwa sababu mgonjwa ni maskini. Na hapa napenda ukweli usemwe wazi. "Haiwezekani" ni neno moja, na "haiwezekani hapa kwetu" ni neno lingine, na "inawezekana lakini feza haitoshi" ni neno la tatu. Munganga anayewafunika watu kwa neno la kwanza wakati ukweli uko katika la pili au la tatu, anawanyima nafasi ya kutafuta msaada kwingine. Vilevile jamaa wanaosema "ni mapenzi ya Mungu" wakati moyoni wanamaanisha "hatutaki kuuza kiwanja", wanamtwika Mungu mzigo wao. Nasi waamini tujihoji hapo.

Kuna na kosa la upande wa pili. Familia inauza shamba, inauza ng'ombe, inatoa watoto shuleni, si kwa sababu munganga amewapa tumaini la kweli, bali wanaogopa kusemwa siku ya kilio. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa. Pengine angesema: acheni shamba, watoto wasome. Upendo usiomsikiliza mtu anayependwa umepotea njia.

4. NI NANI ANAYEAMUA?

Kwetu ugonjwa ni wa jamaa nzima. Baba mkubwa anaitwa, mjomba anaitwa, wazee wanaketi. Desturi hiyo ni njema, maana mgonjwa habebi mzigo peke yake. Ubaya unaingia pale baraza linapoketi sebuleni na mgonjwa amelala chumbani, hajui wanachokata.

Wengi wanasema: "Tukimwambia, atakufa kwa hofu." Tuitazame habari ya mtu mmoja anayejulikana duniani, Sigmund Freud, munganga wa mji wa Vienna. Hakuwa mtu wa dini, lakini mwili wake ulikuwa kama wetu. Mwaka 1923 alipata kansa ndani ya mdomo. Wenzake wanganga waliiona, wakamficha. Mwezi wa 10 mwaka huo huo munganga Hans Pichler alimpasua: kwanza alifunga tawi la nje la karotidi ili damu isimwagike nyingi, kisha akaondoa sehemu ya taya la juu. Tazameni: tawi la nje lilifungwa, na mtu akaishi, kwa kuwa halilishi ubongo. Freud aliishi miaka karibu 16 tena, akapasuliwa zaidi ya mara 30, akafa mwaka 1939. Kansa yake aliivumilia. Kufichwa ndiko kulikomkasirisha sana alipojua, na munganga wake wa baadaye, Max Schur, alipaswa kumwahidi kwamba atamwambia kweli sikuzote.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tumezoea kumwelekezea mgonjwa mithali hiyo. Leo inatuelekea sisi tunaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Anayaona macho yetu. Anasikia tunavyonyamaza akiingia. Hofu anayo tayari. Tulichomnyima ni mtu wa kuizungumza naye.

Sisemi mtu apigwe na habari kama jiwe. Muulizeni kwanza: "Unapenda kujua kiasi gani? Ungependa nani awepo?" Akisema "mwambieni mke wangu, mimi inatosha", huo nao ni uamuzi wake, uheshimiwe. Lakini aulizwe yeye. Shingo ni yake.

5. JE, ASIYEPASULIWA AMESHINDWA?

Ulysses S. Grant alikuwa jemadari mkuu, kisha rais wa Marekani tangu 1869 mpaka 1877. Mwaka 1884 alifilisika, na mwaka huo huo koo likaanza kumuuma. Ilikuwa kansa. Wanganga wake waliona kwamba kumpasua kungemharibu bila kumponya. Wakaacha kisu, wakamtuliza maumivu. Naye alijua hali yake. Alifanya nini? Aliketi na kuandika kitabu cha maisha yake ili mke wake asibaki maskini. Sauti ilipokwisha aliandika kwa mkono. Alimaliza siku chache tu kabla ya kufa, tarehe 23 mwezi wa 7 mwaka 1885. Kitabu hicho kilimpatia mjane wake dola kama 450.000.

Mtu huyo hakukatwa, wala hakukata tamaa. Tumaini lake lilihama tu mahali. Mwanzo labda alitumaini kupona. Baadaye alitumaini kumaliza kazi. Si kila mtu ataandika kitabu. Lakini kuna deni la kulipa, ndugu wa kupatana naye, kiwanja cha kuandikisha kwa jina la mjane kabla wajomba hawajafika, mtoto wa kubariki. Mtu aliyedanganywa hadi siku ya mwisho ananyang'anywa kazi hizo zote.

Ndugu mmoja atanijibu: "Uhai ni wa Mungu, tupigane mpaka saa ya mwisho. Tena Mungu anaweza kuponya hata pale munganga amefunga." Nakubali yote mawili. Kuomba kusikome. Lakini imani haimlazimishi Mungu apite katika kisu fulani, wala haimlazimishi munganga akate mahali ambapo macho yake yanamwonyesha kifo. Na tusimwambie mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni haba. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi naye chini wakinyamaza. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anateseka.

6. KISU KIKIWEKWA CHINI, KAZI INAANZA

Kwanza, maumivu. Kansa ya shingo inauma sana, na dawa yake iko: mofini, hata ya maji ya kunywa. Wengi wanaiogopa, wakidhani inaua au inageuza mtu kuwa mlevi. Ikipimwa na munganga na kunywewa kwa saa zake, inampa mgonjwa usingizi na maneno. Jirani zetu wa Uganda, tangu huduma ya hospisi ilipoanzishwa huko mwaka 1993, walionyesha kwamba mofini ya maji inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake. Na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa hasa kwa kazi hiyo waliruhusiwa na sheria kuiandika. Tukiuliza serikali zetu juu ya barabara, tuulize na juu ya chupa hiyo.

Pili, kidonda. Kikitoa harufu, watu wanakimbia, na mgonjwa anajua kwa nini. Kuosha kidonda hicho na kubaki chumbani ni mahubiri kuliko yale ya mimbarini.

Tatu, jambo gumu ambalo watu hawapendi kulitaja. Mshipa ulioliwa na kansa, hasa shingo iliyokwisha kupigwa mionzi, siku moja unaweza kupasuka. Mara nyingine damu kidogo inatangulia kutoka kama onyo, kisha inakoma. Msiidharau hata ikikoma. Mpelekeni upesi kwa munganga, maana katika hospitali zenye vyombo wanaweza kuziba mshipa kutoka ndani. Lakini ikiwa mmekwisha kukubaliana na mgonjwa na munganga kwamba hatahamishwa tena, jitayarisheni. Wekeni karibu vitambaa vyenye rangi nzito, vyekundu au vyeusi, ili yeye asiione damu yake ilivyo nyingi. Ombeni munganga aache dawa ya usingizi na aonyeshe atakayeitoa. Watoto wadogo walale chumba kingine. Saa hiyo ikifika, mmoja akandamize kitambaa, mwingine amshike mkono na kusema naye polepole, kwa jina lake. Ni dakika chache. Kazi kubwa katika dakika hizo ni kutokimbia.

Anayekunja kitambaa cheusi na kukiweka chini ya kitanda hajaita kifo. Amesema tu: likija, hutalikuta peke yako.

7. KABLA HATUJAFIKA HUKO

Operesheni iliyo nzuri kuliko zote ni ile inayofanywa kansa ingali mbali na mshipa. Kansa nyingi za kichwa na shingo zikikamatwa mapema zinapona. Basi wandugu, hasa ninyi mnaovuta tumbako na kunywa pombe kali, maana hivyo viwili vikiungana vinaongeza hatari sana: kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu, sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, uvimbe wa shingo usioondoka kwa wiki tatu, hata kama hauumi, viende kwa munganga. Ombeni njiani mkienda, msiombe mkiwa mmejificha nyumbani. Na ninyi wenye kulinda wagonjwa katika maombi, msimzuie mtu miezi sita penu wakati uvimbe unatembea kuelekea mshipa. Mwenye kumchelewesha ana sehemu yake katika lile neno "tulifungua, tukafunga".

Basi munganga akiweka kisu chini, tumuulize kwa heshima sababu, naye atueleze kwa kweli. Akisema "mizani imekataa", tusimwite mwoga. Tumwulize mgonjwa anataka nini kwa siku zilizobaki, nasi tuzitumikie siku hizo. Kisu kina mpaka wake, na mpaka huo ni mshipa. Upendo wa jamaa na wa kanisa hauna ruhusa ya kusimama pale.

Neema iwe pamoja nanyi.

Ndugu yenu, Shemasi